Jina Lake Chini ya Kiolezo cha Tatu

Kazini walimwita Bi Ubao. Jina hilo alilipata mwaka ule alipobandika vikaratasi vya rangi kwenye ukuta mzima wa ofisi, kila kikaratasi kazi moja, kila safu hatua moja, na ole wake mtu ahamishe kikaratasi bila kumwambia. Sauti yake ingefika mpaka kwenye ngazi: "Nani ameshika kitu changu?" Hakuwa mtu wa kununa. Akikasirika alikasirika waziwazi, akasema, akamaliza, na baada ya muda ungemkuta akicheka na yule yule aliyemfokea. Mumewe, fundi bomba, alikuwa na mzaha wake kwamba mke wake ana koki mbili tu, ya maji ya barafu na ya maji yanayochemka, na kwamba yeye na ufundi wake wote ameshindwa kuzichanganya.

Ofisi yao ilikuwa juu ya duka la rangi za nyumba, kwa hiyo watu walirudi makwao wakinuka tapentaini kana kwamba wameshinda wakipaka kuta. Kumbe walikuwa wakitengeneza programu ya kompyuta ambayo hospitali ziliitumia kuwapangia wagonjwa siku za kumwona daktari. Bi Ubao hakuandika programu yenyewe. Kazi yake ilikuwa kusimamia mwenendo wa kazi za wenzake: nini kinaanza, nini kinangoja, nani amekwama na amekwamishwa na nani. Walifuata utaratibu unaoitwa skramu. Kazi zinakatwa vipande vya wiki mbili mbili, kila kipande kinaitwa sprinti, na kila asubuhi watu wanasimama kwenye duara fupi kuambiana walipofikia.

Vikaratasi vya ukutani vilikuja kuhamia kwenye kompyuta, na huko kila kitu kilitegemea kiolezo. Kiolezo ndicho kinachoamua kazi iitwe nini, ipite hatua zipi na nani aruhusiwe kuisogeza. Cha Bi Ubao alikitengeneza mwenyewe, akikirekebisha hapa na pale mwaka hadi mwaka, mpaka akakijua kama mtu anavyoijua nyumba aliyoijenga taratibu, chumba baada ya chumba.

Kisha kampuni ikainunua kampuni nyingine ndogo. Wafanyakazi wake wakaja na meza zao, vikombe vyao na kiolezo chao. Kiongozi wao alikuwa mwanaume aliyeinama kila alipopita mlangoni, naye watu wakamwita Mrefu siku hiyo hiyo. Makundi mawili yakaanza kuishi kama mawifi waliopewa jiko moja. Ugomvi mkubwa ulikuwa juu ya kasoro, yaani pale programu inapofanya jambo ambalo haikutakiwa kulifanya. Kwa Bi Ubao na wenzake, kasoro iliandikwa chini ya kazi iliyoizaa, kama mtoto kwenye mgongo wa mama. Kwa watu wa Mrefu, kasoro ilisimama yenyewe, ikapanga foleni na kazi nyingine, ikapimwa uzito kama nyingine.

Wakabishana hivyo mpaka hospitali moja ikapiga simu kwa ukali. Programu ilikuwa ikiwatumia wagonjwa ujumbe wenye tarehe isiyo sahihi. Watu walifunga safari na maumivu yao, wakafika dirishani, wakaambiwa si leo. Kasoro hiyo ilishaonekana na kuandikwa zamani. Ila iliandikwa chini ya kazi iliyokwisha kufungwa, na kazi ikifungwa hakuna anayeifungua tena kuangalia mgongoni imebeba nini.

Meneja akamwita Bi Ubao. Alikuwa mtu wa maneno laini, anayependa kuwaambia wafanyakazi kwamba wao ni familia. "Linganisha violezo vyote," akasema. "Chako, cha wenzetu waliokuja, na kile cha tatu, kinachokuja na programu yenyewe tunayopangia kazi. Niletee mapendekezo. Utakalosema wewe ndilo tutakalolifuata."

Bi Ubao akaamini.

Akaifanya kazi ile kwa moyo wote. Hakukaa peke yake kusoma maelezo. Alichukua kasoro ile ile ya tarehe, akaipitisha kwenye kila kiolezo tangu mwanzo mpaka mwisho, akiwa ameketi na watu wa pande zote mbili. Kiolezo cha tatu kilikuwa cha mashirika makubwa. Kila kazi iombewe kibali cha meneja kabla ya kuanza na kibali kingine kabla ya kufungwa, kila badiliko liandikiwe sababu, na kila jioni kila mtu ajaze saa alizotumia. Mama mmoja wa kujaribu programu, mtu mcheshi, akasema, "Hapa hata kwenda chooni nitaomba kibali, na nikirudi nieleze sababu." Wakacheka mpaka wa upande wa pili wa ofisi wakaja kuuliza kuna nini.

Kilichomuuma ni kiolezo chake mwenyewe. Aliipitisha humo kasoro ile mara ya kwanza, ikapotea. Akadhani amekosea, akarudia, ikapotea tena. Akakikasirikia kama mtu anavyomkasirikia mwanawe aliyemwaibisha mbele za watu. Lakini hakukitetea. Kwenye hitimisho aliandika kwamba wafuate kiolezo cha pili, cha Mrefu na wenzake, na akaeleza kwa nini.

"Yaani umempa Mrefu ushindi?" mumewe akamuuliza.

"Sijampa mtu kitu. Chake kinafanya kazi, changu hakifanyi. Basi."

Akaituma ripoti kwa meneja. Siku iliyofuata hakwenda kazini, kwa sababu alikuwa amempeleka mama yake kliniki ya macho. Kumbe siku hiyo hiyo meneja aliitisha kikao cha kutangaza uamuzi.

Aliporudi akasalimia, na salamu yake ikaanguka chini. Yule mama mcheshi alijifanya anatafuta kitu kwenye mkoba. Kwenye duara la asubuhi, zamu ilipomfikia Mrefu, akasema, "Mimi sina la kueleza. Aulizwe aliyetuwekea mambo ya kuhesabiana saa."

Bi Ubao akatazama huku na huku. "Nani huyo?"

Duara likavunjika, watu wakarudi kwenye viti vyao. Akamfuata Mrefu mpaka kwenye mtungi wa maji.

"Wewe, una nini na mimi?"

"Dada, mimi sina kitu na wewe." Mrefu alikuwa akijaza kikombe bila kumwangalia. "Nilidhani tulikaa pamoja siku zote zile tukifanya kazi ya kweli. Ungetuambia tu mapema kwamba umeshaamua kutufunga kamba."

"Kamba gani? Mimi nimependekeza kiolezo chenu!"

Mrefu akacheka kwa pua. "Jana kikaoni tumelisoma wote hitimisho lako ukutani, kwa herufi kubwa. Jina lako liko pale chini."

Bi Ubao akaenda mezani, akaifungua ripoti kwenye hifadhi ya pamoja. Kurasa zake zote zilikuwa vile vile alivyoziandika. Akateremka mpaka mwisho. Hitimisho lilisema: kwa kuzingatia hayo yote, ninapendekeza kiolezo cha tatu. Chini yake palikuwa na jina lake, jina lake kamili, lile la kwenye vyeti. Akaisoma sentensi ile tena, polepole, kama mtu anayesoma barua ya msiba.

Hakubisha hodi kwa meneja.

"Bosi, hitimisho hili ameliandika nani?"

Meneja akavua miwani. "Kaa kwanza. Mama anaendeleaje na macho?"

"Mama anaona. Na mimi naona. Ameliandika nani?"

"Sijaliandika upya. Nimeliboresha tu."

"Niliandika cha pili. Hapa pameandikwa cha tatu. Huko ndiko kuboresha?"

"Uchambuzi wako wote upo, sijagusa hata nukta. Hitimisho tu ndilo halikuendana na mwelekeo wa kampuni. Mwenye kampuni anataka kujua saa za watu zinakwenda wapi."

"Basi ungeandika hivyo, ukatia jina lako."

Meneja akatabasamu, akaanza kumvika kilemba cha ukoka. "Jina lako lina uzito. Vijana wanakuamini kuliko wanavyoniamini mimi. Likitoka kwako, wanalipokea."

"Kwa hiyo kwa kuwa wananiamini, ukaona unitumie kuwadanganya."

"Unaona sasa? Umeanza kupandisha sauti."

Hakuwa ameipandisha. Alikuwa akizungumza kwa sauti ndogo kuliko kawaida yake, ndogo mpaka mwenyewe alikuwa anaisikia kwa shida.

"Dada yangu," meneja akaendelea, kwa upole ule ule, "hasira zako zinajulikana ghorofa nzima. Ukienda kulisema hili huko nje, watu watasema ni yale yale ya Bi Ubao. Tuyaache. Jumatatu naomba uweke hicho kiolezo, tusonge mbele."

"Mikono hii haitakiweka."

Akatoka. Maneno yaliyomchoma si ya kiolezo. Ni yale ya hasira. Miaka yote alikuwa akikasirika mbele za watu kwa kuwa hakuwa na la kuficha, na sasa mtu amechukua jambo hilo hilo na kulifanya kizibo cha mdomo wake.

Nyumbani jioni, binti yake wa darasa la tatu alikuwa mezani akifanya hesabu. Alikuwa amekosea jibu, akawa anafuta na kufuta mpaka karatasi ikatoboka. Bi Ubao akampokonya daftari.

"Kwa nini unafuta? Kitu kikishaandikwa kimeandikwa! Nani amekufundisha kubadilisha majibu?"

Mtoto akamtazama kwa mshangao, midomo ikaanza kucheza, machozi yakamwagika. Mumewe akatoka jikoni akijifuta mikono kwenye suruali.

"Mama watoto," akasema, "mtoto huyu hajafuta hitimisho lako."

Bi Ubao akaona aibu iliyomfikia mpaka miguuni. Akamkumbatia binti yake, akamwomba radhi, akamwonyesha namna ya kugundisha kipande cha karatasi juu ya tundu. Mtoto alipolala, mumewe akajaribu kumtuliza. Akamwambia amwachie meneja na kiolezo chake, kwamba kazi ni kazi, na kwamba hasira ya ofisini ikishaanza kupanda kitandani nyumba inakuwa ndogo.

"Mtu akienda akawaambia watu kwamba lile bomba lililopasuka kwenye nyumba yao uliliunga wewe, na wewe hukuliunga, ungemwachia?"

Fundi bomba akafikiri. "Ningemvunja mguu."

"Haya."

"Lakini wewe usimvunje mguu."

Kiolezo cha tatu kikawekwa na mtu mwingine, na kabla ya Ijumaa watu walikuwa wanakilaani kwa jina la Bi Ubao. Yeye akajaribu kueleza, mmoja mmoja, bila kupaza sauti. Wakamsikiliza kwa adabu. Hakuna aliyemwamini, maana karatasi ilikuwa ikisema vingine, na mtu anayejitetea kwa upole, ambaye si kawaida yake kuwa mpole, anaonekana kama ana hatia.

Mwisho wa sprinti palikuwa na kikao cha kuonyesha kazi zilizokamilika, na safari hii mwenye kampuni mwenyewe alihudhuria. Alikuwa mama mtu mzima, mkavu, mwenye mazoea ya kusikiliza amefumba macho. Meneja akawasha projekta, akaonyesha chati ya saa, kisha akasema, "Na haya yote, mama, ni kama alivyopendekeza mtaalamu wetu wa ndani." Akamwonyesha Bi Ubao kwa kiganja, kama anayemkaribisha mbele ya wageni.

Bi Ubao alikuwa amepanga kuzungumza taratibu. Alikuwa amefanya mazoezi bafuni. Akasimama.

"Mimi sikupendekeza hicho."

Meneja akacheka kidogo. "Tulijadiliana, tukakubaliana kwamba..."

"Mimi na nani? Siku mnakaa kikao nilikuwa kwenye benchi la kliniki ya macho."

"Mama, utamsamehe," meneja akamwambia mwenye kampuni. "Unajua ndugu yetu huyu na hasira zake."

Hapo koki ya maji ya moto ikafunguka yote.

"Ndiyo, nimekasirika!" Kioo cha dirisha kikatetemeka, au watu walidhani kimetetemeka. "Nimekasirika na ninachosema ni kweli. Vyote viwili vinakaa kwa mtu mmoja! Nilipendekeza kiolezo cha Mrefu na wenzake. Changu mwenyewe, nilichokitengeneza kwa mikono yangu, nilikikataa, kwa sababu ndicho kilichopoteza ile kasoro na kuwapeleka wagonjwa hospitali siku siyo. Niliandika hivyo. Mtu akaja akafuta, akaandika lake, akaliacha jina langu. Akiwa na ubavu aseme hapa hapa kwamba sikuandika!"

Mrefu, aliyekuwa ameinamia simu, akainua kichwa.

Mwenye kampuni akafumbua macho. "Ni kweli?" akamuuliza meneja.

Meneja akaanza kueleza habari za mwelekeo, na kuoanisha, na maboresho ya lugha. Maneno yakawa mengi sana. Mwenye kampuni akainua kidole, akayakatisha.

"Jina lake liondolewe. Kiolezo kimeshawekwa, kikae tukione." Kisha akamgeukia Bi Ubao. "Na wewe, mwanangu, jifunze kusema bila kupiga kelele."

Watu wakatoka chumbani wakimpigapiga mgongo. Yule mama mcheshi alimshika mkono, akauminya. Bi Ubao hakusikia raha hata chembe. Aliyedanganya hakuambiwa ajifunze chochote. Yeye aliyesema kweli ndiye aliyepewa somo.

Mrefu akaja na kiti chake, akakaa pembeni yake, magoti juu kama panzi.

"Dada, nilikuvunjia heshima."

"Ulinivunjia."

"Nisamehe."

"Bado," akasema, na alimaanisha. Alimsamehe wiki iliyofuata, bila kumwambia, kwa kumsogezea kikombe cha chai.

Kiolezo cha tatu kikaendelea kuwakalia kooni. Watu wakajaza saa kwa namna walivyojua wenyewe: kila jioni nane, nane, nane, hata aliyeshinda na jino linalouma alijaza nane. Mmoja aliandika kwamba katika saa zake nane ametumia mbili kujaza saa. Lakini kilichokiua ni vibali. Kila kazi ilimngoja meneja aibariki ianze na aibariki ifungwe, na meneja alikuwa mtu wa vikao. Kazi zikarundikana mlangoni kwake kama magunia sokoni. Kisha akasafiri kwenda kwenye mkutano fulani, na ghorofa nzima ikasimama. Waandika programu wakakaa wakicheza karata kwenye simu, huku hospitali zikipiga simu kuuliza mbona hakuna kinachorekebishwa.

Aliporudi, akamwita Bi Ubao. Safari hii hakuuliza habari za macho ya mama.

"Ondoa hiyo hatua ya kibali."

"Haiondoki peke yake. Kiolezo chote kimeshikana nayo."

"Basi weka kile cha pili."

"Nitakiweka, kwa ajili ya wale wanaongoja hospitalini. Lakini kwanza waandikie wafanyakazi wote kwamba lile hitimisho ulilibadilisha wewe."

Meneja akaguna, akazunguka na kiti, mwishowe akaandika barua pepe. Ilisema kwamba kulitokea kutoelewana kidogo kuhusu ripoti, na kwamba kwa kuwa sisi ni familia, tunasonga mbele. Bi Ubao akaijibu papo hapo, watu wote wakiiona: "Hapakuwa na kutoelewana. Tulielewana vizuri kabisa. Uliandika jambo lako ukaweka jina langu." Hakuna aliyejibu barua hiyo, si meneja wala mwenye kampuni. Ila mtu mmoja huko nyuma ya chumba akakohoa kikohozi kilichofanana sana na kicheko.

Wakakiweka kiolezo cha pili, yeye na Mrefu, wakigombana siku nzima kama hatua ya mwisho iitwe Imekwisha au Imefungwa. Kazi zikaanza kutembea. Meneja akawa anamsalimia kila asubuhi kwa uchangamfu mkubwa, naye akawa anaitika salamu na hapo hapo pakaishia.

Mwaka ulipofika mwisho, kila mfanyakazi aliitwa kuandikiwa tathmini. Ya Bi Ubao ilisema ni mchapakazi, mwaminifu, anaijua kazi yake, lakini ana tatizo la hasira ambalo anapaswa kulifanyia kazi. Meneja akamsukumia kalamu atie sahihi.

"Hii hapa nani ameiandika?" akauliza.

"Mimi."

"Safari hii umeweka jina lako. Vizuri." Akaisukuma kalamu ikarudi ilikotoka. "Lakini langu hulipati."

Akanyanyuka akatoka, mlango akauacha wazi. Nje, sprinti mpya ilikuwa inaanza, na watu walikuwa wameshasimama kwenye duara wakimngoja.